Sura ya Sita: Kadi ya Akaunti Iliyofungwa

Ofisa wa benki aliingia kituoni kabla chai ya asubuhi haijapoa, suti imenyooka, na shida aliyokuja nayo ilikuwa ndogo kuliko tai yake. Alitaka mtu akamatwe. Nani? Hajui. Kosa gani? Kutumia kadi ya akaunti iliyofungwa, tena mara mbili, tena mchana kweupe. Dawati la makosa ya fedha halikuwa na mtu saa ile, basi wakamsukumia Inspekta Kupe, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta watu waliopotea.

Jina halisi la mama huyu Inspekta lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kituo kizima kilimwita Kupe, kwa sababu akishakuganda habanduki. Wenzake walidhani hajui. Alijua sana, na jina alilipenda.

"Akaunti ilifungwa mwaka jana," ofisa alisema huku akifuta kiti kwa leso kabla ya kukikalia. "Jana mchana kadi yake imepitishwa kwenye mashine ya duka la vifaa vya ujenzi. Baadaye ikapitishwa supamaketi."

"Wameiba kiasi gani?"

"Hawajaiba. Mashine ziliikataa."

"Kwa hiyo hakuna kilichoibwa."

"Bado, Inspekta. Bado."

Kupe alivuta ile karatasi ya malalamiko kwa kidole kimoja, kama mtu anayevuta sahani asiyoitaka. Akasoma jina la mwenye akaunti. Kikombe kikasimama katikati ya meza na mdomo.

Jina lilelile lilikuwa juu ya jalada lake mwenyewe tangu jana jioni. Mzee wa miaka sabini na kitu, ana kisukari, na akili yake ilikwisha anza kuaga taratibu. Alitoka nyumbani jana asubuhi baada ya sindano yake, hakurudi. Sindano ya jioni imempita, na ya asubuhi hii nayo imempita. Daktari wake alisema kwenye simu, bila kuzunguka, kwamba asipoipata mpaka jioni wasihangaike tena kumtafuta mitaani, waende moja kwa moja wodini au mahali pabaya zaidi.

"Kaa vizuri," Kupe alimwambia ofisa, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine. "Aliyeitumia kadi aliweka namba ya siri sahihi?"

"Hatuwezi kujua. Akaunti ikishafungwa, mfumo hauhangaiki na namba ya siri. Ombi linarudishwa mlangoni."

"Ni sawa na kubisha hodi nyumba iliyohamwa."

"Hasa! Akibisha mara ya kwanza, anaambiwa hapana. Akirudia siku hiyohiyo, tunamwagiza mwenye duka aishike kadi asimrudishie."

"Na mara ya tatu?"

"Hakukuwa na mara ya tatu."

Hilo Kupe hakulipenda. Ama mzee mwenyewe alikuwa hai jana mchana, anatembea mjini na kadi yake mkononi, ama kuna mtu aliyemchomolea kadi mfukoni na kumwacha kwenye mtaro fulani. Na lilikuwepo jambo jingine, ambalo ndilo lililomwinua kitini. Jana jioni binti wa mzee alimwangalia machoni akamwambia kwamba ile kadi aliikata kwa mkasi siku ileile akaunti ilipofungwa.

"Nani nimkamate?" ofisa aliuliza alipoona Inspekta anavaa koti.

"Kwa sasa kamata chai, imebaki nusu," Kupe akamjibu, akatoka.

*

Binti alikuwa mwalimu wa hesabu, na nyumba yake ilipangwa kwa hesabu. Viatu vilikuwa mstari mmoja mlangoni, mito ya viti imesimama pembe juu, isipokuwa kiti kimoja karibu na dirisha ambacho mto wake ulikuwa umebonyea kwa kukaliwa na mtu mmoja miaka mingi. Macho ya Mwalimu yalikuwa mekundu. Hakuwa amelala, na hakujaribu kujifanya amelala.

"Shikamoo, Inspekta. Amepatikana?"

"Marahaba. Bado. Jana uliniambia kadi ya baba uliikata kwa mkasi."

"Ndiyo."

"Vipande viko wapi?"

"Nilitupa."

"Basi vimeungana huko jalalani, vikaingia mjini kununua vitu." Kupe akaweka karatasi ya benki mezani. "Soma mwenyewe."

Mwalimu alisoma mpaka mwisho. Neno la kwanza lililomtoka halikuwa la kujitetea. "Kwa hiyo jana mchana alikuwa hai?"

Kupe alilihifadhi neno lile. Watu wenye makosa, kwa alivyowazoea, huanza kwa kuuliza nani amesema. Lakini hakulegeza kamba.

"Mwanangu, nisikilize. Akaunti umefunga wewe. Fedha zimehamia kwako. Mzee hana tena chochote chenye jina lake, halafu mzee anapotea, halafu wewe unanidanganya. Mambo yakinipangikia hivi huwa siulizi kwa upole mara ya pili."

Mwalimu akakaa. Alikaa kwenye kiti cha baba yake bila kujua, kisha akajua, akahamia kingine.

"Walikuwa wanamwibia, Inspekta. Kila aliyempigia simu na kusema yeye ni benki, baba alimtajia namba ya siri, tena alimshukuru kwa kupiga. Benki wenyewe wakaniambia funga. Nikapeleka hati ya daktari na ya mahakama, nikasaini. Yeye alikuwa nje kwenye benchi, anakula biskuti, ananingoja." Akafuta pua kwa kiganja. "Nikarudi nyumbani na mkasi kweli. Nikamkuta anaifuta ile kadi kwa shati, anaitia kwenye pochi, anaipapasa mfukoni. Unajua baba alivyo akienda dukani na kadi yake? Anatembea wima. Nikaurudisha mkasi jikoni."

"Lakini kadi haifanyi kazi. Hakugundua?"

Hapo Mwalimu akainamisha uso, akaona haya kuliko alivyoona kwa kusema uongo. "Kwenye duka la kona inafanya kazi."

"Kadi ya akaunti iliyofungwa?"

"Twende ukaone."

*

Mwenye duka la kona alikuwa mnene, mcheshi, na siku hiyo hakuwa mcheshi. Alipoona sare aliweka mikono yote juu ya meza yake bila kuambiwa.

"Nionyeshe mlivyokuwa mnamfanyia mzee," Kupe akasema.

Mwenye duka alimtazama Mwalimu, Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Basi akainama, akatoa chini ya meza mashine ya kadi yenye ufa, haina waya, haina betri, kioo chake cheusi tii. Akachukua kipande cha boksi kuwa kadi. Akakipitisha kwenye mashine. Akakunja uso kama anasubiri, kisha akageuka pembeni kidogo na kutoa mlio mwembamba kooni: "Tiiit!" Halafu akachana kipande cha risiti kuukuu, akakikunja vizuri na kumkabidhi Inspekta kwa mikono miwili. "Asante sana, Fundi. Karibu tena."

Kupe alikuwa polisi kwa muda mrefu kiasi cha kutosha, na alidhani ameona kila aina ya utapeli. Huu hakuwa ameuona.

"Huo mlio hajawahi kuushtukia?"

"Masikio yake yamezeeka, mama. Siku nyingine ninakohoa katikati, yeye anasema mtandao leo unasumbua." Akajaribu kucheka, kikamtoka kitu kingine. "Jioni Mwalimu anapita kulipa, tunamaliza wenyewe. Yule mzee alinifungia taa ya duka hili bure nilipokuwa sina kitu. Ningemwambiaje kadi yako imekufa?"

"Jana alikuja?"

Mwenye duka akairudisha mashine chini ya meza. Kumbe hilo ndilo lililomkalia rohoni tangu usiku.

"Alikuja asubuhi. Alivaa ovaroli yake ya zamani, nikamtania, nikamwambia Fundi leo umependeza. Akataka grisi. Nikampa kopo. Akalisoma, akanirudishia kwa hasira, akaniambia hii ni ya magari. Nikamwambia basi sina, labda mjini." Akajipiga paji la uso. "Labda mjini! Mdomo wangu huu ndio uliomtuma."

Kupe aliandika neno moja tu, grisi. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia mfuko wa barafu wenye sindano za baba yake. Mchezo wa mtaa mzima ulimlinda mzee mpaka kwenye kona ile. Ng'ambo ya kona hakuna aliyejua kulia tiiit.

*

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa refu na jembamba, linanuka rangi na chuma. Muuzaji alimkumbuka mzee mara moja, kwa sababu, alisema, hajawahi kufundishwa kazi yake na mteja kiasi kile.

"Alitaka grisi ya kamba za chuma. Nikamletea aina tatu, mbili akazikataa. Akataka na matambara ya pamba, siyo ya nailoni, akasema nailoni inaacha nyuzi. Nilipopitisha kadi, mashine ikaandika wasiliana na benki. Akasema mashine yangu mbovu."

"Alikuwa peke yake? Hakuna aliyekuwa nyuma yake, anayemsukuma, anayemnong'oneza?"

"Peke yake kabisa. Tena mwenye haraka. Nilimwambia alete taslimu nimwekee mzigo, akasema hana muda, yuko kazini."

Basi siyo mwizi. Kupe alihisi fundo moja limefunguka kifuani, akalificha, maana mafundo yalikuwa bado mengi. Wakavuka barabara mbili mpaka supamaketi.

Pale mambo yalikuwa mabaya zaidi. Keshia, dada mwenye kucha ndefu, alipotajiwa mzee mwenye ovaroli alianza kulia kabla hajaulizwa swali. Mzee alileta kopo kubwa la mafuta ya mgando, yale ya kupaka watoto, na furushi la vitambaa vya kufutia vyombo. Kadi ilipopita, mashine iliandika akaunti imefungwa, shika kadi, usimrudishie mteja. Keshia akamsomea mzee, akafanya alivyofundishwa, akaitia kadi kwenye droo. Mzee akainyooshea mkono. Mlinzi wa mlangoni akaona ugomvi, akaja.

"Alimpiga?" Mwalimu aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Hapana, dada. Alimshika kola tu, akamtoa. Akamwita mwizi mbele za watu." Keshia akafungua droo na kuitoa kadi, imechakaa kingo, jina linasomeka kwa shida. "Mzee hakupigana. Alisema tu: 'Hiyo ni yangu. Muulize binti yangu.' Alisema hivyo mara nyingi."

Mwalimu akageuka, akaegemea rafu ya sabuni. Kupe alimwacha alie kidogo. Yeye mwenyewe alimtafuta mlinzi kwa macho, akamkuta mlinzi anaangalia viatu vyake.

"Alielekea wapi ulipomtoa?"

"Kushoto, afande. Alikung'uta ovaroli, akaenda kushoto. Hakugeuka."

*

Nje, jua lilikuwa limepanda. Kupe alisimama kando ya barabara, akakuna kichwa. Kadi imeshikwa, kwa hiyo hakutakuwa na duka la tatu wala ujumbe mwingine kutoka benki. Kila kitu alichobaki nacho kilikuwa kwenye orodha ya manunuzi ya mtu ambaye hakununua kitu. Grisi ya kamba za chuma. Matambara yasiyoacha nyuzi. Alipokosa grisi akatafuta mafuta ya mgando. Huyu hakupotea, jamani. Huyu alikuwa na safari na alijua anakokwenda, ila aliondoka nyumbani mwaka huu na kichwani anaishi mwaka mwingine.

"Jana uliniambia baba alikuwa fundi mitambo," alimwambia Mwalimu.

"Ndiyo."

"Mitambo gani?"

"Lifti."

Kupe akafumba macho. "Lifti! Mwanangu, tangu jana jioni nawatuma askari kwenye gereji na viwanda vyote vya mji huu!"

"Hukuniuliza, Inspekta."

Kweli, hakuuliza. Alisikia fundi mitambo, akaridhika kama mtu aliyeshiba kwa kunusa. Alijitukana kimoyomoyo, tusi moja tu lakini zito, kisha akatoa simu na kupigia kampuni iliyomstaafisha mzee. Akazungushwa kwa makatibu wawili mpaka akampata msimamizi wa mafundi.

"Kutoka hapa supamaketi, mwendo wa mzee kwa miguu kuelekea kushoto, kuna lifti gani ambayo bado kamba zake zinapakwa grisi kwa mkono?"

"Siku hizi? Karibu zote kamba zake hazihitaji. Labda ile kuukuu ya jengo la bima. Ile ni ya enzi za wazee wetu." Akacheka. "Bahati mbaya hutaiona ikifanya kazi, imekufa. Msimamizi wa jengo anatupigia kelele tangu jana alasiri."

"Imekufa tangu jana alasiri?"

"Ndiyo, na fundi wetu ataenda keshokutwa."

Kupe alikata simu bila kuaga. Hakuwa mkimbiaji, goti lake la kushoto lilikwisha staafu kabla yake, lakini Mwalimu baadaye aliapa kwamba mama yule alimwacha nyuma.

*

Msimamizi wa jengo la bima aliwapokea kwa furaha ya mtu aliyepata wa kumlalamikia.

"Mmekuja kuhusu wizi? Afadhali! Watu wa ghorofa ya saba wanapanda kwa ngazi tangu jana, wananitukana mimi."

"Wizi gani?"

Akawafungulia kisanduku cha umeme ukutani. Swichi kubwa ilikuwa imezimwa, na chini yake palikuwa na mianya mitatu mitupu. "Fyuzi za lifti. Zote zimechomolewa. Nimeulizia kununua, za aina hii hazipatikani tena."

Kupe aliinama na kuangalia. Nyaya nene za shaba zilikuwa palepale, zinang'aa, hazijaguswa. Shaba ile mtu angeiuza kabla hajafika mtaa wa pili. "Mwizi gani anaacha shaba anachukua fyuzi kuukuu zisizo na mnunuzi?"

"Siyo mwizi," Mwalimu alisema nyuma yake.

Wakageuka. Mwalimu alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, mkono mmoja mdomoni.

"Nilipokuwa mdogo mama aligombana naye kila siku ya kufua. Kila ovaroli ilikuwa na fyuzi mfukoni. Ndivyo wanavyofanya. Fundi akipanda juu kushika kamba, anazima umeme na kuondoka na fyuzi, asije mjinga akawasha yeye akiwa na mikono ndani. Fyuzi hazirudi mpaka yeye ashuke." Akamgeukia msimamizi. "Usingoje fundi wa keshokutwa. Fundi yuko juu."

"Haiwezekani," msimamizi akasema. "Juu nilifunga mwenyewe jana jioni. Mlango wa paa niliukuta umerudishwa tu, nikaweka komeo."

Halafu akasikia alichokisema.

Ngazi zilikuwa ndefu. Kupe alipanda huku goti linamlilia, na kichwani anahesabu kitu alichokuwa hataki kukihesabu: usiku mzima, paa, mtu wa kisukari. Ghorofa za juu mbili zilikuwa tupu, samani zimefunikwa mashuka, hakuna ambaye angesikia mtu akigonga. Msimamizi alihangaika na komeo mpaka Kupe akamsogeza pembeni na kulivuta mwenyewe.

Paa lilikuwa na tangi la maji, na kando yake chumba kidogo cha zege chenye mlango wa chuma, nusu wazi.

"Baba?"

Akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni.

"Baba!"

"Msiwashe!" sauti ikatoka ndani, kavu, yenye hasira. "Nimesema msiwashe, bado nina mikono ndani!"

Kupe alishika ukuta. Akashusha pumzi ndefu mpaka msimamizi akamwuliza kama anaumwa.

Mzee alikuwa ameketi sakafuni kando ya gurudumu kubwa la chuma, mgongo ukutani, ametandika matambara ya zamani aliyoyakuta humo. Midomo ilikuwa imekauka na macho yameingia ndani, lakini yalikuwa macho ya mtu aliyemo. Kopo kuukuu alilochotea maji ya tangi lilikuwa pembeni yake. Gurudumu lilifutwa likafutika.

Mwalimu hakupoteza muda kwa kukumbatia. Alipiga magoti, akamchoma kidole, akasoma kipimo, akakisoma tena. "Imepanda. Imepanda sana, lakini inashushika." Akampa sindano tumboni.

Kupe tayari alikuwa ameita gari la wagonjwa. Akachuchumaa, goti likalia kwa nguvu, mzee akaligeukia goti kama aliyesikia mashine inayotaka kazi.

"Wewe ni polisi?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa, lakini umekuja. Nina kesi." Akainua kidole cheusi kwa mafuta. "Kuna mtu amefunga akaunti yangu. Jana nimedhalilishwa mbele za watu, nimeitwa mwizi, kumbe mwizi ni huyo. Mimi sijasaini popote. Andika."

Kupe alitoa kalamu, maana hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Katika kazi yake alikwisha wadanganya watu kwa sababu ndogo kuliko hii. Angeweza kusema ni kosa la benki, mtandao, mashine, na mzee angeshuka na heshima yake yote. Alikwisha fungua mdomo. Mwalimu akamwahi.

"Ni mimi, baba."

"Wewe nini?"

"Niliyefunga akaunti ni mimi. Mwaka jana. Nilisaini mimi, wewe ukiwa nje kwenye benchi. Kadi yako haikuwa na kitu mwaka mzima. Tulikuwa tunakudanganya pale dukani, mimi na mwenye duka. Jana watu wamekushika kola kwa sababu yangu." Alisema yote kwa mkupuo mmoja, asije akasita. "Nisamehe."

Mzee alimtazama. Alimtazama muda mrefu, na uso wake ukawa hauna kitu, mpaka Kupe akaogopa kwamba ameshaondoka tena, kwamba hamjui huyu mwanamke anayelia mbele yake.

"Uliyesaini ni wewe," mzee akasema polepole.

"Ni mimi."

"Siyo hao wa kwenye simu."

"Siyo wao, baba. Wao ndio niliowakimbia. Kila kitu kipo."

Mabega ya mzee yakashuka. Akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, na mkono wake wenye mafuta ukatafuta kichwa cha binti yake mpaka ukakipata.

"Afadhali," akasema. "Usiku kucha nimekaa hapa nikijua nimeibiwa, najiuliza nitakuachia nini. Kumbe fedha ziko nyumbani."